Kopo Lililorudishwa Juu: Uchambuzi wa Kutoa Upepo katika Klachi ya Canter, Kamuli

Kutoa upepo katika klachi ya haidroliki, yaani klachi ambayo nguvu ya mguu wa dereva hufikishwa kwenye gia boksi na kimiminika badala ya kebo, ni kazi inayoweza kufanyika uani bila gereji, mradi pawe na watu wawili, spana moja, kipaipu chembamba kinachoonyesha ndani, kopo safi na breki fluidi mpya ya kutosha. Kazi iliyofanyika Kamuli, mkoani Kagera, kwenye Canter la kubebea ndizi ilikuwa na vyote hivyo, hata hiyo fluidi mpya, na ndiyo sababu uamuzi uliofanywa katikati ya kazi hauna utetezi. Waliotazama walimsifu fundi kwa kuwa gari lililoingia likilia kila lilipotiwa gia ya kwanza lilitoka likipokea gia zote kwa utulivu. Sifa hizo zilitolewa mapema mno, kwa sababu klachi inayofanya kazi jioni ya siku ya matengenezo haijathibitisha lolote.

Mengine yalikuwa sawa: magurudumu yaliwekewa mawe, kifuniko cha kikombe kilifutwa vumbi kabla ya kufunguliwa, skrubu ya kutolea upepo ililegezwa kwa spana ya pete na si kwa playa, na mwito wa “kanyaga”, “shikilia”, “achia” ulifuatana na mkono wa fundi aliyefungua skrubu pedali ikiwa chini na kuifunga kabla pedali haijaachiwa.

Kosa lilitokea pale fluidi ilipopungua kwenye kikombe, yaani chombo kidogo kinacholisha masta ya juu, silinda inayosukumwa na pedali ili nayo isukume masta ya chini iliyo ubavuni mwa gia boksi. Chupa mpya ilikuwa imebaki karibu nusu. Fundi aliitazama, akaifunga kifuniko nusunusu na kuiweka kando akisema kwamba ile ingefaa kwa breki, kisha akachukua kopo lililokuwa limepokea fluidi iliyotoka chini, akalisubirisha kidogo hadi povu likatulia, akachuja kwa kitambaa na kumimina yote juu. Hakuna aliyepinga. Msaidizi aliendelea kukanyaga, vipovu vikaendelea kutoka, na kila vilipotoka ilisemekana kwamba upepo ulikuwa mwingi, ilhali sehemu ya upepo huo ilikuwa imerudishwa kwa mkono dakika chache zilizotangulia.

Povu kubwa hutulia upesi, lakini vipovu vidogo sana hubaki vimetawanyika ndani ya fluidi kwa muda mrefu bila kuonekana, na kitambaa hakina uwezo wowote juu yavyo. Uzito wa jambo hili huonekana katika hesabu ndogo: masta yenye tundu la milimita 16 na mwendo wa milimita 30 husukuma takriban sentimita 6 za ujazo kwa mkanyago mmoja, na kwa kuwa kimiminika hakibanwi lakini hewa hubanwa, sentimita 1 ya hewa iliyobaki njiani humeza karibu sehemu moja ya sita ya kazi yote ya mguu. Klachi haihitaji kupoteza zaidi ya hapo ili ishindwe kuachana sawasawa na flaiwili, gurudumu zito la injini, nazo gia zianze kulia. Gari likipumzika usiku, vipovu hivyo vidogo hukutana, hupanda mahali palipo juu kwenye paipu na kuwa kipovu kimoja kikubwa, na mwenye gari huamka akidhani kwamba limeharibika upya.

Hewa, hata hivyo, ndiyo hasara ndogo. Breki fluidi ya DOT 3, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika, imetengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli zinazonyonya maji kutoka hewani. Ikiwa mpya, kiwango kinataka isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishakunywa maji kufikia takriban asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kopo lililo wazi uani, katika nchi yenye misimu miwili ya mvua kama Karagwe na Kyerwa, ni mahali pabaya pa kuiweka fluidi hata kwa nusu saa, sembuse fluidi iliyokuwa imekaa ndani ya gari tangu matengenezo ambayo hayakumbukwi. Maji hayo huila silinda kwa kutu, ukuta wake ukachubuka, na ukuta uliochubuka huzikata raba, yaani mipira midogo inayoizuia fluidi kupita pembeni mwa pistoni.

Rangi nyeusi iliyoonekana koponi ilikuwa unga wa raba hizo uliochanganyika na chembe za chuma. Kitambaa kilizuia zile kubwa na kuongeza kitu kibaya kuliko zote, nyuzi zake chenyewe. Kati ya kikombe na silinda ya masta ya juu kuna tundu dogo sana ambalo fluidi hurudia juu pedali inapoachiwa. Tundu hilo likizibwa na uzi mmoja, shinikizo hubaki kwenye mfumo, folki, yaani mkono unaosukumwa na masta ya chini, huendelea kuisukuma rilisi beringi, ile inayoiachanisha klachi, ijapokuwa mguu umeondoka, na klachi pleti huanza kuteleza na kuungua mlimani gari likiwa na mzigo. Hapo fundi mwingine ataitwa, atashusha gia boksi, atabadilisha pleti, na chanzo kitabaki pale pale juu.

Utetezi uliotolewa ulikuwa wa bei na umbali, kwamba fluidi inafuatwa mjini Omurushaka na kwamba mwenye Canter si tajiri. Utetezi huu ungekuwa na uzito kama chupa ingekuwa tupu. Haikuwa tupu: fluidi safi ilihifadhiwa na chafu ikatumika, na hiyo safi ikaachwa na kifuniko kilicholegea ili inywe unyevunyevu hadi siku ya kutiwa kwenye breki, mahali ambapo fluidi iliyochoka huua watu. Kanuni za usalama wa magari za Marekani zinataka kikombe cha breki kiwe na maandishi yanayoagiza kwamba kifuniko kisafishwe kabla ya kufunguliwa na kwamba itumike fluidi inayotoka katika chombo kilichofungwa, na vikombe vya magari mengi ya Japani yanayotembea Kagera vina maneno ya aina hiyo. Fundi aliyekifuta kifuniko kile alitii nusu ya kwanza ya agizo na kuivunja ya pili.

Safu hii imekwisha kulalamika, na italalamika tena, juu ya wanaojazia oili ya injini kwenye kikombe cha klachi, jambo linalozivimbisha raba hadi zikwame ndani ya silinda, na juu ya wanaopigapiga pedali haraka haraka wakidhani wanakusanya upepo kumbe wanaukoroga. Inafaa pia kusemwa kwamba wale wanaocheka njia ya bomba la sindano la mifugo wanacheka bila sababu: fluidi mpya ikisukumwa kwa bomba hilo kupitia skrubu ya chini kwenda juu, hewa hufuata njia inayoipenda kwa asili yake, ambayo ni kupanda, na katika wilaya za wafugaji wa ng'ombe wa Ankole bomba jipya halipatikani kwa shida. Kazi ya Kamuli ingeisha mapema zaidi kwa njia hiyo.

Kizazi cha mafundi kilicholelewa na Land Rover Series II, gari lililotoka mwaka 1958 likiwa na klachi ya haidroliki, hakikuwa na vipaipu vya kuonyesha ndani wala simu za kutazamia video, lakini kilijua kwamba kinachotoka chini hakirudi juu. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, kisha mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Colt Lancer, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na ni vigumu kumfikiria akichuja fluidi nyeusi kwa kitambaa ili kuokoa nusu chupa. Leo vifaa vimeongezeka na subira imepungua.

Canter lile sasa linahitaji kazi yote irudiwe: fluidi iliyomo itolewe hadi inayotoka chini iwe na rangi ile ile ya iliyo kwenye chupa, kikombe kisifikie kuonyesha tundu lake hata mara moja, na kinachobaki koponi kisimwagwe chini ya migomba, kwani ni sumu. Kabla ya hapo lipo swali ambalo halikuulizwa na yeyote uani pale, nalo ni upepo uliingilia wapi, kwa kuwa mfumo uliofungwa haupati hewa bila kupoteza fluidi kwanza. Ingetosha kuinua kipira cha vumbi cha masta ya chini na kuangalia kama ndani pamelowa, na kuikanyaga pedali na kuishikilia injini ikiunguruma ili kuona kama inazama polepole, dalili kwamba raba za masta ya juu zimekwisha. Ikiwa mojawapo imekwisha, chupa ile iliyowekwa kando ilipaswa kuachwa bila kufunguliwa kabisa hadi raba mpya zipatikane.