Mshono Katika Vitabu vya Nyota

Vijana wa sharika zetu wanasoma vitabu vya nyota na fizikia. Si rahisi kuvikuta madukani Mbinga au Mbamba Bay, lakini kijana aliyekwenda chuoni Mbeya au Dar es Salaam hurudi likizo na vitabu kumi ndani ya simu, na kabla hajaondoka amekwisha kuwarushia wenzake. Wengi huvisoma kwa furaha na hawapati tabu yoyote. Wapo wengine ambao baada ya kuvisoma huacha ibada polepole, bila kugombana na mtu. Ukiwauliza, hawasemi kwamba wamemkana Mungu. Wanasema wameona hakuna kazi iliyobaki kwa ajili yake.

Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tumezoea kuwajibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukataza: hivyo ni vitabu vya wasioamini, achana navyo. Ya pili ni kujisifu: hayo yote yamo katika Mwanzo sura ya kwanza, wanasayansi wamechelewa tu kufika. Majibu hayo yanapingana, lakini asili yake ni moja: mara nyingi hutolewa na mtu ambaye hajakifungua kitabu chenyewe. Basi, ndugu msomaji, tufungue vitabu vitatu vinavyojulikana sana. Tuvisifu panapostahili sifa, na tuvihoji panapostahili kuhojiwa.

Cha kwanza ni The First Three Minutes cha Steven Weinberg, kilichotoka mwaka 1977. Weinberg alikuwa mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kitabu chake kinaeleza jinsi ulimwengu ulivyokuwa katika dakika tatu za mwanzo, ulipokuwa na joto kali na msongamano mkubwa. Sehemu iliyo bora ni habari ya Arno Penzias na Robert Wilson. Mwaka 1964 wataalamu hawa wawili wa kampuni ya simu ya Bell, huko New Jersey, walikuwa wakitumia antena kubwa, wakasikia mnong'ono usiokoma. Walidhani kosa liko katika chombo chao. Wakakikagua kipande kwa kipande, hata wakasafisha kinyesi cha njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani yake. Mnong'ono haukuisha, na ulitoka pande zote za anga kwa usawa. Mwishowe ilifahamika kwamba ule ulikuwa mabaki ya joto la mwanzo, ambalo sasa limepoa hadi nyuzi 3 hivi juu ya baridi ya mwisho kabisa, baridi iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri.

Mkristo hana cha kuogopa hapa. Mtu anayesafisha kinyesi cha njiwa ili asizisingizie mbingu kelele za chombo chake mwenyewe anatii amri ya nane kwa namna yake: hashuhudii uongo. Laiti sisi nasi tungevikagua vyombo vyetu hivyo kabla ya kutangaza kwamba tumesikia sauti.

Lakini fungua kurasa za mwisho. Weinberg anasimulia kwamba anaandika akiwa ndani ya ndege, juu ya Wyoming, akirudi Boston kutoka San Francisco. Anatazama chini, anaona dunia ni nzuri, kisha anakumbuka kwamba ni sehemu ndogo mno ya ulimwengu wenye uadui mkubwa. Anahitimisha kwamba kadiri ulimwengu unavyoeleweka, ndivyo unavyoonekana kukosa maana. Anaongeza faraja moja: juhudi ya kutafuta elimu huyainua kidogo maisha ya mwanadamu.

Ni maneno ya mtu mkweli, nami nayaheshimu. Ila tuulize swali ambalo yeye mwenyewe angeuliza kuhusu antena: hili limepimwa na nani? Joto la nyuzi 3 lilipimwa. Kukosa maana hakukupimwa. Mtunga Zaburi ya 8 naye alizitazama mbingu, mwezi na nyota, akaona udogo wa mwanadamu kama Weinberg alivyouona, tena bila kupanda ndege. Yeye akastaajabu kwamba kiumbe mdogo hivyo anakumbukwa. Wote wawili waliona udogo uleule. Kilichowatenganisha hakikuwa angani.

Mahali pale ambapo kipimo kinakwisha na mahubiri yanaanza ndipo ninapopaita mshono. Fundi cherehani hodari huunganisha vitambaa viwili hata jicho lisione vinapokutana. Waandishi hawa ni mafundi hodari. Kazi ya msomaji ni kuligeuza vazi na kulitazama kwa ndani.

Katika kitabu cha pili mshono uko mwanzoni. Ni Cosmos cha Carl Sagan, kilichotoka mwaka 1980 pamoja na vipindi vya televisheni vilivyotazamwa katika nchi nyingi. Sagan alikuwa na kipawa cha kueleza. Ndiye aliyewafundisha mamilioni ya watu kwamba chuma kilicho katika damu yetu na chokaa iliyo katika meno yetu vilipikwa ndani ya nyota zilizokufa zamani. Ukitafakari kwamba mwili wa mtoto unayembatiza umetokana na mavumbi ya nyota, neno la Mwanzo kuhusu mavumbi ya ardhi halipungui utukufu, linaongezeka. Lakini sentensi inayokifungua kitabu hicho inadai kwamba ulimwengu huu ndio yote yaliyopo, yaliyokuwepo na yatakayokuwepo. Hiyo ni kanuni ya imani. Sisi huikiri yetu kwa kusimama, mbele ya watu, na kila asikiaye anajua kwamba tunakiri. Yake imewekwa mlangoni mwa kitabu cha sayansi, na msomaji huingia nayo bila kujua kwamba ameikiri.

Cha tatu ndicho kilichouzwa kuliko vyote: A Brief History of Time cha Stephen Hawking, cha mwaka 1988. Hawking aliambiwa kwamba kila mlinganyo wa hesabu atakaouweka utapunguza wanunuzi kwa nusu, akaacha mmoja tu. Nakala zaidi ya milioni 10 zimeuzwa. Ukweli ni kwamba kitabu hiki ni kigumu kuliko sifa zake, na wengi walikinunua bila kukimaliza. Wanachokumbuka ni swali lake: kama ulimwengu hauna mpaka wala ncha ya mwanzo, kama dunia isivyo na ukingo ambako mtu aweza kudondoka, basi Muumba ana nafasi gani? Mwaka 2010, katika The Grand Design alichokiandika na Leonard Mlodinow, alijibu waziwazi kwamba hakuna haja ya Mungu wa kuuwasha ulimwengu.

Hili ndilo linalowaondoa vijana wetu, kwa hiyo tulipime kwa makini. Mungu anayekataliwa na Hawking ni Mungu wa kiberiti: aliyewasha moto siku ya kwanza, kisha akakaa pembeni. Mungu wa namna hiyo kweli anaweza kuondolewa na hesabu iliyo bora zaidi. Lakini je, ndiye tunayemkiri? Fungua Katekisimo Ndogo, maelezo ya Martin Luther juu ya sehemu ya kwanza ya Imani. Luther hasemi habari za sekunde ya kwanza. Anaanza na mimi: kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, amenipa mwili na roho, macho na masikio, akili, na bado anavitunza. Kisha anataja nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba na shamba. Viatu! Uumbaji kwa Luther ni jambo la asubuhi ya leo. Mkulima wa Umatengo anayechimba ngoro kwenye mteremko ili udongo usichukuliwe na mvua anajua jinsi maji yanavyotiririka. Hilo halimzuii kushukuru kwa mahindi. Vivyo hivyo, hata tukijua kila hatua ya mwanzo wa nyota, swali la nani anayetupa uhai leo linabaki palepale. Kijana aliyepoteza Mungu wa kiberiti hajampoteza Mungu wa Katekisimo. Pengine sisi ndio hatukumfundisha kutofautisha.

Wala tusijidai kwamba mshono wa hila ni wa wanasayansi peke yao. Wa kwanza kuushona alikuwa mtu wa kwetu. Georg Joachim Rheticus, mwalimu wa hesabu wa Wittenberg, mji wa Luther mwenyewe, ndiye aliyemshawishi Nicolaus Copernicus achapishe kitabu chake kinachosema dunia hulizunguka jua. Kilichapishwa Nuremberg mwaka 1543. Usimamizi wa uchapaji uliachiwa Andreas Osiander, mhubiri wa Kilutheri, naye akaingiza utangulizi usio na jina, akisema kwamba hesabu hizi si lazima ziwe kweli, yatosha zikisaidia kukokotoa. Wasomaji wengi walidhani Copernicus ndiye aliyesema hivyo. Aliyelifichua jambo hilo hadharani mwaka 1609 ni Johannes Kepler, Mlutheri aliyesomea theolojia Tübingen. Osiander alitia mahubiri yake mwanzoni mwa kitabu cha mwenzake. Weinberg aliyatia mwishoni mwa kitabu chake mwenyewe, kwa jina lake. Kati ya hao wawili, Weinberg ndiye mwenye haki zaidi.

Na ile njia yetu ya kujisifu ilikwisha kukemewa na mtu mwenye haki ya kukemea. Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika chembe moja ya awali. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alihutubu kana kwamba elimu hiyo inathibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Alijua kwamba nadharia ya fizikia inaweza kusahihishwa kesho, na imani iliyofungwa kwenye nadharia itazama pamoja nayo kama mtumbwi uliofungwa kwenye gogo lililooza.

Kuna upungufu mwingine ambao waandishi hawa watatu hawakuukusudia. Vitabu vyao vimeandikwa kaskazini, kwa watu wa kaskazini. Msomaji wa Liuli au Lituhi inampasa ajitafutie mwenyewe mbingu yake. Anayo Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wamelitumia kujua majira, na ambalo watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilitaja kwa jina hilohilo katika Ayubu 38 na Amosi 5. Upande wa kusini, usiku usio na mawingu, anaweza kuona Wingu Kubwa la Magellan, ambalo mwanga wake umesafiri miaka 160,000 hivi kabla ya kufika ziwani. Wavuvi wa dagaa wanaujua mwezi kuliko wasomi wengi, kwa kuwa taa zao huvuta samaki vizuri usiku usio na mbalamwezi. Wageni waliliita Nyasa Ziwa la Nyota kwa sababu ya taa hizo.

Elimu hii inaweza kusemwa kwa lugha yetu. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, watu walikusanyika Rujewa, Mbarali, kuliona likibaki kama pete. Sisi wa Mbinga, tulio nje ya njia ile, tuliona limemegwa sehemu kubwa. Saa na mahali vilikuwa vimekokotolewa miaka mingi kabla, na hesabu haikukosea. Hakuna aliyepoteza imani kwa kuwa hesabu ilitimia. Uaminifu wa mbingu ndio unaoifanya hesabu iwezekane, na Zaburi ya 19 iliusifu uaminifu huo kabla ya darubini kuwapo.

Kwa hiyo nashauri vitabu hivi visomwe, tena visomwe usharikani, katika vipindi vya vijana na darasa la Kipaimara, mchungaji akiwapo. Kwa kila ukurasa tuulize mambo matatu: Nini kimepimwa hapa? Kilipimwaje? Na sentensi hii ninayoisoma sasa, ni kipimo au ni mahubiri? Ikiwa ni kipimo, tukipokee kwa shukrani, hata kama kinatutaka tusome upya mambo tuliyoyazoea. Ikiwa ni mahubiri, tuyasikilize kwa adabu kama tunavyomsikiliza mhubiri mgeni, kisha tuyapime kwa Neno. Na mhubiri wa kwetu atakaposimama kusema habari za nyota, kijana na awe huru kumwuliza maswali hayohayo matatu.