Jibu Lililotoka Kabla ya Uchunguzi

Kwa miaka kadhaa hadi Novemba 2016, maduka ya Office Depot na OfficeMax nchini Marekani yaliwachunguzia wateja kompyuta zao bure. Programu iliyotumika iliitwa PC Health Check, na kampuni iliyoitengeneza ni Support.com. Kabla skani haijaanza, mteja aliulizwa maswali manne. Je, matangazo yanachomoza hovyo unapotumia intaneti? Kompyuta imekuwa nzito siku hizi? Umepata onyo lolote la virusi? Huwa inakwama mara kwa mara? Kila jibu la ndiyo lilitiwa alama kwenye kisanduku chake. Kisha skani ikaanza, mteja akasubiri, na mwishoni ripoti ikamwambia kwamba kompyuta yake ina dalili za programu hasidi.

Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipoichambua programu hiyo, ilieleza kwamba matokeo yale hayakutoka kwenye skani hata kidogo. Yalitoka kwenye visanduku vinne. Alama moja tu ilitosha kuleta tangazo la maradhi, hata kama ndani ya diski hapakuwa na faili moja baya. Ni ramli ya mganga anayekuuliza unaumwa wapi, akatikisa kibuyu, kisha akakutajia ugonjwa ulioutaja mwenyewe. Baada ya ripoti kutoka, mteja aliuziwa usafishaji ambao gharama yake iliweza kufika dola 300. Wafanyakazi wa ndani walilalamika mapema, tangu mwaka 2012, lakini mauzo yakaendelea. Mambo yalibadilika pale kituo cha televisheni cha KIRO cha Seattle kilipopeleka madukani kompyuta mpya kabisa, na maduka manne kati ya sita yakadai zina dalili za maambukizi. Machi 2019 kampuni hizo mbili zilikubali kulipa dola milioni 35, Office Depot 25 na Support.com 10.

Kesi hii ndiyo kipimo changu kila ninapoulizwa programu gani ya kuondoa ujasusi iaminiwe nyumbani. Swali la kwanza ni hili: jibu lake linatoka wapi?

Programu ya kweli hufanya kazi inayoweza kukaguliwa. Hupitia faili na kulinganisha alama zake na kumbukumbu za programu hasidi zinazojulikana. Hutazama kinachojiwasha kila kompyuta inapowaka, kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe, na viendelezi vilivyojipachika kwenye kivinjari. Pia hufuatilia mienendo, kwa mfano programu inayosoma nywila zilizohifadhiwa bila sababu. Ikipata kitu hukitaja kwa jina: faili fulani, katika folda fulani, la aina fulani. Ukitaka unaweza kwenda kulitafuta wewe mwenyewe.

Programu ya kitapeli hukupa idadi. Kasoro mamia, zote kwa rangi nyekundu, na kitufe cha kulipa chini yake. Ukifungua orodha yenyewe unakuta vidakuzi, mabaki ya programu ulizokwisha kufuta, na faili za muda. Kidakuzi ni maandishi mafupi yanayoachwa na tovuti. Kinaweza kusaidia watangazaji kukufuatilia, ndiyo, lakini si programu na hakiwezi kuiba nywila yako. Anayekihesabu kuwa tishio kubwa anatafuta pesa yako. Machi 2024 Tume hiyo hiyo ilitangaza malipo ya dola milioni 26 kutoka kwa Restoro na Reimage, kampuni za Kupro zilizouza matengenezo kwa njia ya namna hii. Mteja aliyekwisha kununua programu alielekezwa kupiga simu, na huko akashawishiwa kununua huduma nyingine ghali zaidi.

Lakini kugundua virusi kwa uhodari hakutoshi. Avast ilikuwa antivairasi halisi. Hata hivyo, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 Avast ikatakiwa kulipa dola milioni 16.5. Hili linaniuma kuliko yote, maana watu waliiweka programu hiyo ili wasifuatiliwe. Kwa hiyo swali la pili ni nani anailipia programu ya bure, na kwa kitu gani.

Kwa mwenye Windows 10 au 11, ushauri wangu ni kuanza na Microsoft Defender, ambayo imo ndani tayari. Mizizi yake inarudi Desemba 2004, Microsoft ilipoinunua kampuni ya GIANT iliyotengeneza programu ya kupambana na ujasusi. Ina skani ya nje ya mtandao ambayo wengi hawaigusi: kompyuta hujizima na kuwaka upya, kisha uchunguzi hufanyika kabla Windows haijaamka. Faida yake ni kubwa, kwa sababu programu ya kijasusi inayoendelea kufanya kazi inaweza kujificha machoni pa mchunguzi aliye pembeni yake, lakini iliyolala haiwezi. Ukitaka maoni ya pili, tumia Malwarebytes ya bure au ESET Online Scanner, na uipakue kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kupitia tangazo lililokaa juu ya matokeo ya utafutaji. Usiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, zitagombana.

Ukihitaji kulinganisha, soma majaribio ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, au AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Wasomaji wengi huishia kwenye asilimia ya virusi vilivyokamatwa. Mimi naangalia pia safu ya makosa, yaani mara ngapi programu imelishtaki faili safi. PC Health Check isingevuka hapo.

Huku kwetu mlango mkubwa wa programu hasidi uko kwingine. Programu za wizi, hasa za kufungulia Windows au Office bila leseni, mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza. Ukifuata agizo hilo umemfungulia mwizi mwenyewe, na hakuna chombo cha usafishaji kitakachorudisha nywila zilizokwisha kuondoka. Kama umewahi kufanya hivyo kwenye kompyuta ya nyumbani, iwashe Defender leo na uendeshe skani ya nje ya mtandao. Defender ikikataa kuwaka, nakili nyaraka na picha zako, kisha sakinisha Windows upya. Halafu badilisha nywila za barua pepe na za benki kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi.