Ustadi wa Kuingoja Baridi ya Julai

Mwembe wa Voi huchanua kwa sababu ya baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na ukungu kutanda juu ya vilima vya Vuria na Mbololo, usiku wa Voi huteremka chini ya digrii 20. Ubaridi huo, pamoja na ukavu wa miezi hiyo, ndio unaoufanya mti uache kutoa majani na uanze kutoa maua. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 600. Ukipanda hadi Wundanyi, zaidi ya mita 1,400, baridi huongezeka kwa digrii 5 hivi, na huko mparachichi hustawi kuliko mwembe.

Wapita njia huyaona maua ya Agosti wakadhani mti umejaliwa tu. Mimi huwavulia kofia wakulima walioshika mkasi wa kupogolea tangu Februari, wakati wengine wote tunakula maembe.

Kazi yao inaeleweka ukijua kwamba majani ndiyo yanayoihisi baridi. Jani lililokomaa likipitiwa na usiku wa baridi hutengeneza kemikali inayosafiri hadi kwenye tumba la ncha ya tawi, na tumba hilo likiamka huzaa kishada cha maua. Jani changa, lile la rangi ya shaba lililolegea, halina uwezo huo. Tawi lililochipua mwishoni mwa Mei litaingia Julai likiwa bichi. Baridi italipita bure, na likiamka litatoa majani tena. Lililochipua Machi litakuwa limekwisha kukomaa.

Kwa hiyo mkulima hodari hupogoa mara tu anapochuma embe la mwisho, kabla masika hayajaanza. Hukata ncha zilizozaa na vikonyo vilivyokauka, huondoa matawi yanayosongana katikati ili jua lipenye, kisha huacha mvua ifanye kazi yake. Machipukizi yakijitokeza mengi mahali pamoja, huyapunguza yakabaki mawili matatu yenye nguvu. Juni ikifika, mwenye bomba huufunga mfereji. Kuunyima mti maji makusudi katika nchi kame kama Voi kunataka moyo, lakini mwembe unaonyweshwa wakati huo hurudi kwenye majani.

Kuna kipimo chake, nacho hakihitaji chombo. Mkulima huchuma jani la ncha, hulikunja kiganjani na kulifinya huku akisikiliza. Likinywea kimyakimya, bado. Likilia na kuvunjika kama karatasi kavu, tawi liko tayari. Ufilipino, wakulima wa maembe nao hutumia kipimo hichohicho. Zamani wao walifukiza moto wa moshi chini ya miembe kwa siku nyingi ili ichanue, mpaka mtaalamu wao Ramon Barba alipoonyesha, katika miaka ya 1970, kwamba kunyunyizia nitrati ya potasiamu kunaleta maua kwa haraka na urahisi zaidi. Lakini hata dawa hiyo haifui dafu mbele ya tawi bichi: ukiinyunyizia kwenye majani machanga, utavuna majani. Ndiyo maana nauheshimu mkasi wa Februari kuliko chupa yoyote ya dukani.

Maua yakishatoka, baridi iliyoyaleta huanza kuyatishia. Kishada kimoja hubeba mamia ya maua, pengine maelfu, na mengi ni madume matupu. Ni yale machache yenye dume na jike pamoja yanayoweza kutunga. Baridi ikikaza wakati kishada kinajijenga, hayo machache hupungua. Usiku ukishuka chini ya digrii 15, chavua hudhoofika, na vijiembe vingine hutunga bila mbegu, vikabaki vidogo hadi kudondoka. Asubuhi ya mawingu nzi na nyuki, ambao ndio wachavushaji wa mwembe, huchelewa kutoka. Napenda kukumbuka kwamba chini ya kilima cha Sagalla kuna mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki kuwazuia tembo wa Tsavo, na nyuki hao hawajali walitundikwa pale kwa kazi gani. Ua likifunguka na jua likichomoza, watalifuata.

Halafu kuna ubwiri unga, ukungu mweupe unaopenda maua ya msimu wa baridi. Huanza na doa dogo kwenye kikonyo cha kishada, na kwa muda mfupi kishada kizima huwa kama kimepakwa unga, maua yakakauka na kupukutika. Mkulima makini hupita mti kwa mti asubuhi, akainamisha vishada na kuvitazama upande wa chini, na salfa yake huingia kabla doa halijaenea. Akichelewa, kazi yote iliyoanza Februari huanguka chini ya mti.

Kama una mwembe uani, Voi, Mwatate au Taveta, usiukate Juni kwa sababu tu umeziba dirisha. Matawi utakayoondoa wakati huo ndiyo yaliyokuwa yamekomaa yakingoja Julai, na yatakayochipua badala yake hayatawahi. Upogoe mara tu baada ya embe la mwisho, uache masika yaukuze, na ikifika Juni, vunja jani moja usikilize.