Sifa za Fundi wa Stata

Ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita una mafundi wake wanaosifiwa. Anayefunga matimba ya duara, yaani shimo la mgodi, yakashika husifiwa. Anayesuka upya mota iliyoungua husifiwa, na akipita mtaani huitwa daktari. Aliyefunga stata ya kompresa hana wa kumtaja. Kazi yake ikiwa njema, mwenye gereji hubonyeza kitufe cha kijani asubuhi, hewa ikajaa, siku ikaenda zake. Insha hii ni yake.

Kompresa kubwa zimetapakaa tangu Kahama hadi Geita. Kahama hupitiwa na malori ya Rwanda na Burundi, na tairi la lori halijazwi kwa pampu ya baiskeli. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, hewa ya kompresa ndiyo inayosukuma mashine za kuchoronga mwamba chini ya duara. Umeme nao upo: njia kuu iliyojengwa kwa kiwango cha kilovolti 400 inatoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida, ikafika Shinyanga. Lakini gereji iliyo mwisho wa laini hupokea kilichobaki baada ya makarasha ya jirani, mashine za kusaga mawe, kuchukua chao. Karasha likiwashwa, volti zinashuka. Karasha likizimwa, zinapanda.

Humo ndimo fundi anamoitwa kufunga mota ya kilowati 30, ambayo madukani huitwa ya farasi 40. Ikiwa imebeba mzigo wake wote, mota hiyo huvuta ampea 55 hivi. Ukiiunganisha moja kwa moja na laini, wakati wa kuondoka huvuta mara sita au saba ya hizo, yaani ampea 330 au zaidi. Taa za jirani zinafifia, breka inaruka, na mota yenyewe inapata mshtuko isiouhitaji.

Dawa yake ni stata ya sta-delta. Mota ya fezi tatu ya aina hii iliundwa mwaka 1889 na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky wa kampuni ya AEG ya Ujerumani, na hadi leo fundi akifungua kifuniko chake hukuta mafungu matatu ya nyaya yenye ncha sita: U1, V1, W1, U2, V2, W2. Ukizikutanisha ncha tatu za mwisho, hiyo ni sta. Kila fungu linapata volti 230 badala ya 400, na mkondo wa kuondokea unashuka hadi theluthi. Nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi, ndiyo maana fundi mzuri huanza kwa kukagua kama kichwa cha kompresa kimetoa hewa iliyobaki. Theluthi ya nguvu haiwezi kusukuma pistoni iliyobanwa na hewa ya jana. Mota ikishachanganya, baada ya sekunde chache, taima inaiachia sta, na delta inashika, kila fungu likipata volti zote 400.

Hapa ufundi unaanza kuonekana. Kontakta, yaani swichi ya sumaku, ya sta na ile ya delta zikishika pamoja hata kwa kufumba na kufumbua, fezi tatu zinagongana uso kwa uso na boksi linalipuka. Kwa hiyo waya wa koili ya delta hupitishwa kwenye kontakti ya sta ambayo hupitisha umeme pale tu sta imeachia, na waya wa sta hupitishwa vivyo hivyo kwa delta. Kila mmoja hawezi kuinuka bila mwenzake kuketi, kama wazee wawili kwenye baraza moja. Taima peke yake ingeweza kupanga zamu hiyo, lakini taima huharibika, na fundi wa kweli hujenga akijua kwamba siku moja itaharibika.

Kisha lipo suala la umeme kukatika. Kompresa ya gereji huwashwa na kuzimwa na swichi ya presha: hewa ikipungua inawaka, tangi likijaa inazima. Njia fupi ni kuipa swichi hiyo amri yote. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika saa nne na kurudi saa saba, mashine inaondoka yenyewe, na huenda wakati huo kijana ameingiza mkono kwenye mkanda, akidhani imekufa. Fundi anayejali huongeza relei moja ndogo, inayoshikwa na kitufe cha kijani na kujishikilia yenyewe. Umeme ukikatika, relei inaachia. Umeme ukirudi, hakuna kinachosogea mpaka mtu aje abonyeze. Presha ikishuka siku ya kawaida, kompresa inawaka yenyewe kama mwenye gereji anavyotaka. Relei hiyo ni bei ndogo, na mteja hataiona.

Yapo mengine ya namna hiyo. Ovalodi, kinga ya mota dhidi ya mkondo uliozidi, ikikaa ndani ya mzunguko wa delta haiwekwi kwenye 55 iliyoandikwa kwenye kibao cha mota. Mkondo unaopita pale ni asilimia 58 tu ya huo, kwa hiyo huwekwa kwenye 32. Fundi asiyelijua hili huacha mlinzi aliyelala. Relei ya fezi hukataa kuwasha ikiwa fezi moja imepotea, maana mota ya fezi mbili hunguruma pale pale iliposimama hadi iungue. Hukataa pia fezi zikibadilishwa mpangilio, jambo linaloweza kutokea baada ya matengenezo ya laini, na kwa kompresa ya skrubu kuzunguka kinyume kwa muda mfupi tu kunatosha kuiharibu.

Baada ya hayo, fundi hajaribu na mota. Anaiacha mota bila waya, anawasha kontroli peke yake, anasikiliza kontakta zikipokezana, anavuta waya huu na ule kuona ni nani atakataa. Halafu ndipo anakaza lagi, anaweka namba kwenye kila waya kwa ajili ya fundi atakayefuata, na anaziba matundu ya boksi, kwa sababu vumbi la mawe ya karasha haliombi ruhusa.

Mteja akitazama atasema, "Fundi, yule wa mwanzo alitumia waya nusu ya huu, na ikawaka." Ni kweli iliwaka, mota yoyote huwaka. Anayetafuta fundi asimuulize kama anajua kuwasha. Amuulize mashine itafanya nini umeme ukirudi ghafla, fezi moja ikikatika, taima ikifa. Anayejibu bila kusita ameshaifikiria siku ambayo yeye hatakuwepo, na huyo anastahili kulipwa hela yake yote.