Mlio wa sikio na dawa zinazosifiwa

Mwenye mlio sikioni hana raha: mchana anausikia, usiku unamnyima usingizi. Kwa hiyo kila amwahidiye dawa hupata feza zake upesi. Basi tuipime kila dawa kwa kazi yake, si kwa sifa yake.

Ya kwanza ni mshumaa wa sikio, kitambaa chenye nta kilichokunjwa kama bomba. Wanasema moto wake huvuta uchafu nje. Mwaka 1996 waganga wa Marekani waliujaribu: haukuvuta kitu, na masikio mengine uliyaachia nta yake ndani.

Ya pili ni majani ya ginko, mti wa China. Mwaka 2022 wachunguzi wa Cochrane walilinganisha majaribio mengi, wakaona faida yake kwa mlio ni ndogo au hakuna.

Je, dawa za miti ni bure zote? Hapana. Kinini yatoka katika gome la mti, nayo hushinda malaria. Lakini kinini hiyohiyo ikizidi huleta mlio masikioni, aspirini vilevile. Basi kusema «ni ya miti, haidhuru» ni kosa.

Mwenye mlio amwonyeshe mganga wa hospitali sikio lake, amtajie na dawa anazokunywa, asiziache bila shauri lake. Pengine ni nta tu iliyoziba, nayo hutolewa. Mlio usipokoma, yako mazungumzo yanayomzoeza mgonjwa asiuogope, na taabu hupungua. Ahadi hiyo ni ndogo, lakini ni ya kweli.