Nani Aongoza Ngoma? Juu ya mchezo «Disabled Theater»

Mchezo uitwao «Disabled Theater» ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2012 kule Bruxelles, kisha Avignon na Kassel mwaka uleule, na baadaye katika miji mingine mingi. Aliyeupanga ni Mfaransa, Jérôme Bel, mtungaji wa ngoma. Wachezaji ni watu wa Theater HORA ya Zürich, katika inchi ya Uswisi, kundi lililoanzishwa mwaka 1993 na Michael Elber. Wote wana ulemavu wa akili, wengine kwa trisomia 21, wengine kwa sababu nyingine, na kazi yao ni kucheza mbele ya watu. Wako waliousifu mchezo huu mno, na wako walioukasirikia mno. Sisi tumeutazama katika filamu, tena si mara moja, na twaona kwamba wale wote wawili wameliacha pembeni neno lililo kubwa kupita yote, yaani neno la nani aamuaye.

Tueleze kwanza mchezo wenyewe, kwa wasomaji wasioujua. Jukwaa halina mapambo. Viko viti, na pembeni ameketi mkalimani, kwa maana wachezaji wasema Kijerumani cha Uswisi, naye hugeuza maneno yao katika lugha ya watazamaji. Yeye pia ndiye anayetangaza kila jambo linalofuata, na kila mara hutangaza kwa namna moja: Jérôme amewaomba wafanye hivi, Jérôme amewaomba wafanye vile. Jambo la kwanza ni kuingia mmoja mmoja na kusimama mbele ya watu kwa dakika moja. Wengine wasimama muda mrefu kuliko walivyoombwa, wengine waondoka upesi. Dakika moja yaonekana kitu kidogo, lakini mtazamaji aliyezoea kumtupia mlemavu jicho njiani na kulirudisha haraka, hapa hana pa kulificha. Kiisha kila mmoja ataja jina lake, umri wake na kazi yake. Na hapo wengi wajibu, bila kusita, kwamba kazi yao ni uigizaji. Kiisha kila mmoja aeleza ulemavu wake, huyu kwa neno alilolisikia kwa waganga, yule kwa maneno yake mwenyewe.

Halafu zaja ngoma, nazo ndizo kiini cha mchezo. Kila mmoja alichagua muziki aupendao, akatunga ngoma yake peke yake. Bwana Bel hakuwafundisha hatua hata moja. Julia Häusermann acheza kwa muziki wa Michael Jackson, na acheza kwa nguvu na kwa hakika, hata mtu asahau alikuja kutazama nini. Mwaka 2013, kwenye maonyesho makubwa ya Berlin yaitwayo Theatertreffen, alipewa zawadi ya Alfred Kerr, ambayo hutolewa kwa mwigizaji kijana. Wako waliosema kwamba alipewa kwa huruma. Sisi twakataa. Aliyetazama ngoma ile kwa macho yote mawili aona kwamba mchezaji ajua kila mara mwili wake uko wapi na waelekea wapi, tena ajua wakati wa kungoja. Wengi waliosoma shule za ngoma hawajui kungoja.

Ngoma hizi si ngoma nzuri zilizoharibika, na msomaji atuelewe vizuri hapo. Anayezipima kwa kipimo cha mstari ulionyoka na miguu inayokanyaga pamoja atasema zimekosewa. Lakini kipimo hicho nacho kina ugonjwa wake. Tumeona sikukuu nyingi za shule zetu, Askofu anapokuja kutoa Kipaimara: watoto sitini wanaoinua mkono mmoja kwa wakati mmoja, na nyuso zao zimekufa kwa hofu ya fimbo ya mwalimu. Katika «Disabled Theater» hakuna uso uliokufa. Kila hatua yatoka kwa aliyeitunga, hata mahali inapokwama.

Sasa twafika penye tatizo. Baada ya wote kutunga ngoma zao, Bwana Bel alichagua saba zilizompendeza, nazo zilichezwa. Wengine walibaki vitini. Mkalimani awaambia watazamaji jambo hilo waziwazi. Kiisha Jérôme awaomba waseme wanafikiri nini juu ya mchezo huu, na hapo mmoja wa walioachwa asema hadharani kwamba hakupendezwa kuachwa. Wengine waeleza waliyoyasema watu wa nyumbani. Mmoja asimulia kwamba mama yake aliuona mchezo kuwa kama maonyesho ya vioja, lakini aliupenda sana. Mwingine asimulia kwamba dada yake alilia ndani ya gari walipokuwa wakirudi, na kwamba kwao walionekana kama wanyama wa sirko. Baada ya maneno hayo, ngoma zilizoachwa nazo zachezwa.

Watu wengi husimama kwenye maneno ya yule mama na ya yule dada, na kuuliza: je, ni halali kuwaweka walemavu mbele ya watu waliolipa? Ni swali la kweli, lakini angalia linavyoulizwa. Laulizwa kwa mama, kwa dada, kwa mwandishi wa gazeti, kwa padri. Wachezaji wenyewe walikwisha kulijibu waliposema kwamba kazi yao ni uigizaji. Nani aulizaye kama ni halali kumweka mpiga gitaa mbele ya watu waliolipa? Machozi ya yule dada ni machozi ya upendo, hatuyadharau. Lakini upendo unaotaka kumficha mtu ili asichekwe humficha pia asionekane.

Twamsifu Bwana Bel kwa kuwa hakulifuta lalamiko la yule aliyeachwa. Mpangaji mwingine angelificha. Yeye aliliweka katikati ya mchezo, likampinga yeye mwenyewe mbele ya watu, kila usiku. Hiyo ni haki ya namna fulani. Hata hivyo hatuwezi kumsifu mpaka mwisho. Tangu mwanzo hata mwisho, sauti inayoendesha mambo ni ileile: Jérôme amewaomba. Yeye mwenyewe hayupo jukwaani, lakini jina lake lawaketisha na kuwasimamisha. Sisi mapadri twaijua sana sauti hiyo ya mkubwa asiyekuwepo, maana twaisoma mimbarini kila inapofika barua kutoka jimboni. Hata zile ngoma zilizoachwa, zilichezwa kwa sababu aliruhusu. Lalamiko lilisikiwa, ndiyo. Uamuzi ulibaki mkononi mwake. Kwa hiyo twasema: ndani ya mchezo huu ngoma ni za wachezaji, lakini nyumba zinamokaa si yao.

Watu wa HORA walilifahamu jambo hilo, na huenda kuliko waandishi wote wa Ulaya. Tangu mwaka 2013 walianza kazi ya muda mrefu iliyoitwa «Freie Republik HORA», yaani Jamhuri Huru ya HORA. Humo waigizaji wenye ulemavu wa akili wakawa wenyewe waongozaji wa maonyesho. Wale wasio na ulemavu walibaki wasaidizi: kazi yao ilikuwa kusaidia mambo yatimizwe, si kuyatengeneza yapendeze. Msomaji aliyewahi kuongoza kwaya ajaribu kufikiri ugumu wa kazi hiyo. Aliyezoea kuongoza aona hatua mbaya, ajua namna ya kuirekebisha, na imempasa kufunga mdomo. Maonyesho yanayozaliwa hivyo si laini. Yaweza kurefuka mno, au kurudia jambo moja mpaka mtazamaji achoke. Lakini hata mapadri twahubiri mpaka watu wachoke, wala hakuna aliyetunyang'anya mimbari.

HORA si wa kwanza kucheza pamoja. Kule London, Wolfgang Stange alianzisha mwaka 1980 kundi la Amici, ambamo wenye ulemavu na wasio na ulemavu hucheza ngoma moja. Katika kundi la Stopgap, huko huko Uingereza, Chris Pavia, mchezaji mwenye trisomia 21, alitoka katika kucheza akafika kutunga. Ngoma yake moja yaitwa «The Awakening», nao wachezaji wasio na ulemavu hujifunza hatua kutoka kwake. Hilo ndilo tunalolitafuta. Kucheza pamoja ni mwanzo mwema, lakini watu waweza kucheza pamoja miaka ishirini na daima yuleyule ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu.

Hapa sherti tuseme neno chungu, kwa kuwa sisi ni watu wa Eklesia. Wengi wetu seminarini tulijifunza kuwaheshimu wenye ulemavu wa akili katika vitabu vya Jean Vanier, aliyeanzisha L'Arche mwaka 1964 kule Trosly-Breuil, Ufaransa. Alikufa mwaka 2019. Mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza kwamba aliwatendea wanawake maovu ya mwili akitumia cheo chake cha kiroho, na taarifa ya Januari 2023 ilihesabu wanawake 25 wasiopungua. Hao hawakuwa wenye ulemavu wa akili. Na nyumba za L'Arche ziko mpaka leo, na mema yanayotendeka ndani yake hayakugeuka kuwa uwongo. Lakini jambo moja latuhusu katika habari yetu: kwa miaka mingi tulisikia juu ya walemavu kutoka kinywa cha mtu mmoja ambaye hakuna aliyethubutu kumwuliza swali, wala hatukuona ajabu kwamba wao wenyewe hatukuwasikia. Yule mchezaji aliyesema mbele ya watu kwamba amekasirika kuachwa, twamwamini zaidi.

Basi, mchezo wa Zürich watufaa nini sisi wa Kongo? Hatukosi ngoma. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, iliingiza ngoma katika Misa Takatifu, hata kuizunguka altare wakati wa Utukufu. Katika parokia nyingi wako wale wasichana wadogo tunaowaita «joyeuses», wenye nguo za namna moja, wanaocheza Dominika mbele ya watu wote. Nani huwachagua? Katekista, au mama mkubwa wa kwaya, au padri. Na kwa kipimo gani? Uzuri wa hatua, kimo kinacholingana, wazazi wanaoweza kununua kitambaa. Bwana Bel alichagua saba na kuwaacha wengine vitini, nasi twamlaumu. Lakini walioachwa wake walikuwa jukwaani, karibu na kipaza sauti. Walioachwa wetu hawamo hata kanisani. Wako nyumbani, nyuma, jikoni.

Tena wengine hawako nyumbani. Kwetu mtoto anayechelewa kusema, anayecheka peke yake, anayeanguka kifafa, aweza kuitwa mulozi na jamaa yake mwenyewe, akafukuzwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Sheria yafaa, lakini sheria haimwonyeshi jirani uso wa mtoto. Watu waliomwona mtoto huyo akitangulia mstari wa ngoma mbele ya altare, na padri akimfuata nyuma kwa hatua zilezile alizozichagua mtoto, si rahisi wamwite mulozi kesho yake sokoni.

Mwenzetu mmoja alitupinga kwamba liturujia ina utaratibu wake, si mahali pa kujaribu mambo. Ni kweli, nasi hatutaki Misa igeuke kuwa jukwaa. Lakini kitabu chenyewe chataka ngoma, hakisemi mguu utue wapi. Tena Maandiko yanazo habari za mfalme aliyecheza mbele ya Sanduku la Agano bila kujali cheo chake, na za mke wake Mikali aliyemtazama kutoka dirishani na kumdharau moyoni. Daudi alicheza ngoma isiyomfaa mfalme. Aliyejua kipimo cha ngoma inayofaa alikuwa Mikali, naye hakushuka chini.

Kazi yenyewe yataka mambo madogo kuliko maneno yetu haya. «Joyeuses» wengi hufanya mazoezi Jumamosi alasiri, na mama wa mtoto mwenye trisomia 21 hatamleta kwa tangazo la Dominika, kwa kuwa matangazo mengi yamekwisha kumpita. Sherti aendewe nyumbani, mara mbili, mara tatu. Kiisha mpiga ngoma aambiwe asubiri. Mtoto akianza hatua yake na kusimama katikati, ngoma nayo ilie taratibu mpaka aendelee, na anayeongoza mazoezi asimshike mkono. Twajua parokia ambapo Utukufu huimbwa kwa dakika nane. Zikiwa kumi na moja, watu watafika mezani wakiwa wamechelewa kidogo.