Ustadi wa Mdadisi wa Soko Mpakani Tunduma

Utafiti wa soko, yaani ukusanyaji wa taarifa kuhusu bei, wingi wa bidhaa na mwenendo wa wanunuzi, husimama juu ya kazi ya mtu ambaye jina lake haliandikwi katika ripoti, naye ni mdadisi. Thamani ya kazi yake hudhihirika vyema Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaotazamana na Nakonde ya Zambia, kwa kuwa hapa hesabu za forodha peke yake hazitoshi. Tangu kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, malori hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini mahindi, mchele na sabuni zinazovushwa kwa baiskeli au vichwani kupitia njia za panya haziingii katika daftari lolote.

Dodoso, yaani orodha ya maswali anayoulizwa kila mhojiwa kwa mpangilio uleule, lina faida ya kuzaa majibu yanayolinganishika. Mpakani, hata hivyo, swali lenyewe huweza kuharibu jibu, kwani mwenye mzigo akiulizwa anavusha kiasi gani hudhani amekutana na mtoza ushuru, akapunguza hesabu au akaondoka. Ndiyo maana Uganda, ambako biashara isiyo rasmi ya mipakani imekuwa ikipimwa tangu katikati ya miaka ya 2000, ilitegemea ushuhudiaji, ambapo wadadisi hukaa vivukoni wakaandika wanachokiona kikipita. Kukadiria kwa macho uzito wa mzigo uliofungwa nyuma ya baiskeli si kubahatisha; ni ujuzi unaopatikana baada ya kupima mizigo mingi kwenye mizani, na unastahili heshima ileile wanayopewa wanaochora grafu ofisini.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika vipimo. Mahindi huuzwa kwa sado, kwa debe la lita 20 na kwa gunia, na gunia linaloitwa la kilo 100 likijazwa kupita mdomo wake na kushonewa nyongeza huwa lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, ingawa bado wakulima wanaijua vizuri mno. Mdadisi anayeandika bei ya gunia bila kulipima ameandika bei ya kitu asichokijua, kwa hiyo aliye makini hupima kwanza, kisha hugeuza kila bei kuwa ya kilo moja. Huangalia pia fedha iliyotumika, shilingi au kwacha. Na anayefuatilia bei za miaka mingi hukumbuka kwamba Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Wala haandiki bei ya kwanza kutamkwa, ambayo ni mlango tu wa mapatano, bali husubiri fedha ibadilishane mikono.

Hapo ndipo lugha inapokuwa chombo cha kazi: mdadisi anayeelewa Kinyamwanga, kinachozungumzwa pande zote mbili za mpaka, husikia mapatano hayo yanavyoendelea, na hupata bei ambayo mgeni mwenye kishikwambi kipya hatatajiwa.